Saa kumi na moja alfajiri si 11:00

Niliwahi kutengeneza dodoso la kishikwambi kuhusu maji kwa vijiji vya Bahi. Swali moja lilitaka kujua akina mama wanaamka kwenda kisimani saa ngapi. Data zilipoingia, wengi walikuwa wakichota maji saa 11:00, yaani saa tano asubuhi, jua la Dodoma limeshakuwa kali. Nani anasubiri muda huo na ndoo? Kumbe mama alijibu "saa kumi na moja alfajiri", mdadisi akaandika 11. Mwenzake kijiji cha jirani aliandika 05:00. Wote wawili walikuwa sahihi, na mimi ndiye niliyekosea. Tulizipigia simu kaya moja baada ya nyingine.

Siku hizi sehemu ya saa siiachi wazi. Mdadisi anachagua kwanza alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku, kisha namba 1 hadi 12. Hesabu ya kubadilisha inafanywa na programu.

Jambo la pili ni ngeli. Programu hizi hukuruhusu kuchomeka neno katikati ya swali, nami kwa uvivu niliandika "Mna ... ngapi?" nikaacha orodha ya mali ijaze nafasi. Zikatoka "Mna mbuzi ngapi?" na "Mna mikokoteni ngapi?" Wazee walicheka, na mtu akishakucheka hivyo, majibu yake yanayofuata uyapokee kwa tahadhari. Andika kila swali zima: ng'ombe wangapi, mikokoteni mingapi, majembe mangapi, baiskeli ngapi. Inachosha, lakini Kiswahili hakina njia ya mkato hapo.

Ukitumia ODK au KoboToolbox, programu za kukusanya majibu kwa kishikwambi, fomu unaiandaa kwenye Excel: kila lugha na safu yake ya maneno, na safu moja ya kodi, yaani alama ambazo programu inahifadhi kama majibu, kwa lugha zote. Hiyo ya kodi ifunge kabla ya kumpa mfasiri faili. Wangu aliitafsiri nayo, nikapata "ndiyo" na "yes" kama majibu mawili tofauti.

Kwa Kigogo au Kirangi usikimbilie maandishi. Wadadisi wengi niliofanya nao kazi wanaongea Kigogo vizuri sana, ila kukisoma kwenye kioo wanasitasita kuliko wanavyosoma Kiswahili. Kisandawe chenye vidoko ndiyo usiseme. Mimi naweka Kiswahili kwa maandishi, na lugha ya nyumbani kwa sauti iliyorekodiwa, mdadisi anabonyeza tu. Na mrekodi awe mtu wa eneo lilelile.

Acha pia nafasi baada ya salamu. Mzee mmoja wa Chamwino aliposikia "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, ikitoka kwenye kishikwambi aliitikia, akauliza habari za huko ilikotoka, akakaa kusubiri. Sauti ilishafika swali la tatu. Mdadisi akaisimamisha, akaanza kujibu salamu yeye.