Oda za hardware kwa WhatsApp: andikia dereva, si mteja

Aliyeanzisha uzi huu wa mjadala ameuliza: ana duka la vifaa vya ujenzi Kayole, Nairobi, mafundi wanaagiza kwa simu, halafu mzigo ukifika kila mtu anadai alisema kingine. Wengi wamemshauri "awe anaongea vizuri". Kuongea si shida. Shida ni kwamba anayepakia, dereva na anayepokea mjengoni hawakuwa kwenye hiyo simu. Kwa hiyo pigianeni, mbishane bei, ucheke na mteja, lakini ukikata tu tuma maandishi ambayo mtu ambaye hakuwa kwenye simu anaweza kuyafanyia kazi bila kukupigia. Voisi noti usihesabu: kijana wa stoo hawezi kutafuta "geji" (namba ya unene wa bati) ndani ya sauti ya dakika tatu.

Kwa mfano (bei ni za kubuni):

"Mabati boksi profaili, geji 30, maruni isiyong'aa, mita 3, vipande 40 × 1,150 = 46,000. Misumari ya mabati kilo 4 × 200 = 800. Usafiri hadi Ruai 2,500. JUMLA 49,300, VAT ndani. Bei ni hadi Ijumaa saa 11 jioni. Anayepokea: fundi wa mjengo, namba yake ni..."

Sasa angalia mahali pa kuteleza. Geji: namba ikipanda, bati linakuwa jembamba. Kuna wateja wanaoamini 32 ni ngumu kuliko 28, kwa hiyo andika geji na pia uwaambie ipi ni nzito. Rangi: "nyekundu" haitoshi, tuma picha ya kipande chenyewe iliyopigwa nje juani, maana taa ya duka hudanganya. Nondo: fundi atasema "nusu inchi", wewe andika D12 (milimita 12) na urefu wa kila kipande. Mchanga ndio mbaya zaidi. "Lori moja" kwa huyu ni tani 7, kwa yule ni tani 18, na wote wawili wana haki. Andika tani.

VAT ni 16%, yaani kwa bidhaa za 100,000 ni 16,000 zaidi. Usiposema iko ndani au nje, mteja atachukua maana inayomfaa, na hata mimi ningefanya hivyo. Kama ni kampuni, omba PIN ya KRA (mamlaka ya ushuru) kabla ya kutoa ankara ya eTIMS, mfumo wao wa ankara za kielektroniki. Ikishatoka bila PIN ya mnunuzi, itabidi uifute kwa hati ya kurejesha (credit note) kisha utoe nyingine, na mhasibu wao atakushikilia malipo wiki nzima. Kwenye namba ya till (ya kulipia duka kwa simu), andika pia jina litakalotokea kwenye simu ya anayelipa. Jina likiwa la ndugu yako, mteja mwangalifu hatatuma pesa.

Saa: "tuonane saa 3" humfanya mwingine afike alasiri. Andika "saa tatu asubuhi, 9:00am".

Maelekezo ya mjengo: pini ya ramani, stage ya matatu ya karibu, rangi ya geti. Kisha swali ambalo watu husahau: lori linapita hadi getini? Kuanzia Machi hadi Mei, barabara za udongo za huko Kamulu hukwamisha lori, na ubishi wa nani analipa wabebaji huanzia hapo. Andika mapema kwamba usafiri unaishia mahali lori linapofika.

Usikubali jibu la "sawa" au kidole gumba. Mwambie: "Nijibu vipande vingapi, geji gani." Akijibu "40, geji 30" umemaliza. Akijibu "28", umeokoa safari nzima.

Mzigo ukichelewa, piga kwanza, kabla fundi hajaanza kulipa vibarua wanaokaa bure. Usimwambie "iko njiani" wakati bado iko stoo. Sema imechelewa kwa nini, itafika saa ngapi, na umpe uchaguzi: angoje, achukue ya geji nyingine kwa bei yake, au arudishiwe pesa. Akishachagua, andika alichochagua kwa kujibu (reply) ujumbe wa oda ileile, si kwenye ujumbe unaojitegemea, ili dereva asome mahali pamoja.