Maswali ya Desemba: pilau linaiva, misa inapita

Haya wapendwa, Majilio, zile wiki za kujiandaa na Noeli, yameingia na maswali yenu yamejaa mpaka simu inagoma, nimechagua sita tu, mengine mtanisamehe. Mi sio padre wala katekista, ni mama wa jumuiya ndogondogo ya Kikatoliki hapa Dar, watoto watatu na mume wa Rombo kule Kilimanjaro, kwa iyo najibu kwa yale niliyopitia. Ya kiteolojia sana pelekeni parokiani. La kwanza ni la dada naye kaolewa Rombo kama mimi.

Kila Krismasi tunapanda Rombo kwa wakwe, sisi wakamwana ndo wapishi, watu zaidi ya thelathini. Mwaka jana kengele ya kanisa imegonga mi nipo kwenye moshi nageuza nyama. Miaka minne sijaingia misa ya Noeli. Nifanyeje bila kugombana na mama mkwe?

Dada pole, ila nimecheka kidogo maana hapo umenisema mimi mtupu. Mwaka wa tano wa ndoa ndo niligundua kitu cha kijinga kabisa, kwamba misa ya Noeli sio moja. Ipo ya mkesha jioni ya tar 24, ipo ya usiku, ya alfajiri na ya mchana, yoyote utakayosali umesali Noeli (parokia ndogo huenda hawana zote, ulizeni mkifika tu). We umekua unaisubiri ile ya saa nne asubuhi, ambayo ndo saa yenyewe ya masufuria, lazima uikose.

Sasa usiku nao una kazi zake, mbuzi kachinjwa, kuna vitunguu ndoo nzima na mchele wa kuchambua. Hapo ongea na mumeo, tena kabla hamjafunga mabegi, maana mkishafika ye ni mtoto wa kwao, anakaa na kaka zake kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, hakusikii tena. Aongee YEYE na mama ake, "mama, wakamwana wote wanaenda misa ya usiku, vitunguu tutamenya wanaume." Likitoka kwa mwanae halina ukali, likitoka kwako ni kiburi cha mjini. Kwetu mashemeji walimenya kweli, walilia machozi mpaka jirani akaja kuuliza kuna msiba gani, na vitunguu vyenyewe vilikatwa minofu kama vya kumlishia ng'ombe, ila pilau lililiwa likaisha. Mi nilikua benchi la nyuma kabisa na kanga inanuka moshi, nikaimba mpaka sauti ikakauka.

Kaka yangu ameokoka, anasali kanisa lingine, ananiambia Yesu hakuzaliwa tar 25 Desemba na sisi tunasherehekea upagani. Nimjibu nini?

Tarehe kweli haimo kwenye Biblia, hapo mkubalie tu. Kumbukumbu ya zamani zaidi inayotaja tar 25 Desemba imo kwenye kalenda ya Roma ya mwaka 354, na wasomi wanaona orodha iliyonakiliwa humo ni ya 336. Kwa nini siku hiyo, bado wanabishana, wapo wanaosema ni sababu ya sikukuu ya jua ya Warumi, wapo wanaosema walihesabu miezi tisa toka tar 25 Machi, siku waliyoamini Bikira Maria alipata mimba. Waorthodoksi wa Ethiopia wanasali tar 7 Januari na Mtoto ni yule yule. Mwambie sisi tunafurahi kwamba alizaliwa, af mkaribishe mezani. Wabishi wa aina hiyo sijawahi kuona anayekataa pilau.

Mi nesi, nimepangwa zamu ya usiku tar 24. Najisikia kama sina Krismasi.

Mdogo wangu, fungua Luka 2 mstari wa 8, wachungaji walikua makondeni wanalinda kundi lao "kwa zamu usiku". Neno ni hilo hilo zamu, kama kwenye ratiba iliyobandikwa hapo wodini kwenu. Habari iliwakuta kazini. Weka Radio Maria kwa sauti ya chini kama haisumbui wagonjwa, na ikishapita saa sita, yule wa kwanza utakayempima presha mwambie Noeli njema kabla hujamfunga kile kitambaa mkononi, maana wodini hakukosi mama ambaye hakuna mtu mwingine atamwambia. Asubuhi ukiwa na nguvu kasali, ukiwa huna lala, aliyekua anauguza watu hahesabiwi dhambi kwa kukosa misa.

Wanangu Krismasi wanayoijua ni nguo mpya, soda na yule mzee wa ndevu nyeupe. Nawarudishaje kwa Yesu?

Nguo mpya usiwanyime jamani, mbona hata sisi tulikua tunalala nazo kitandani. Na yule mzee usimpige vita, waambie alianza kama mtu wa kweli, Mtakatifu Nikolasi askofu wa Mira (Uturuki ya leo), sikukuu yake ni tar 6 Desemba, hayo mengine ni matangazo ya biashara.

Ila ngoja nikwambie ya hori, lile la kulishia ng'ombe alimolazwa Mtoto Yesu. Wangu wa kati akiwa na miaka sita aliniuliza hori ni nini nikamjibu ni kitanda cha ng'ombe, yaani nilidanganya hivi hivi ili nimalizie kusuka nywele. Tulipofika kwa bibi yake, kule ng'ombe wengi hawachungwi, wanafungiwa bandani wanakatiwa majani na migomba, basi bibi akamshika mkono akampeleka. Hori la mbao, limelowa mate, vipande vya mgomba vimebaki pembeni, inzi, na harufu ile mnaijua. Mtoto akakunja uso, "walimlaza HUMU?" Bibi akasema humo humo. Akanyamaza, af akauliza kama walifuta kwanza.

Hicho ndo alichofanya Mtakatifu Fransisko wa Asizi pale Greccio, Italia, mwaka 1223, akaweka hori na majani makavu na ng'ombe na punda wazima ili watu waone kwa macho jinsi Mtoto alivyolala kwa tabu. Sisi wenye kijijini tunavyo bure tunaviacha tunakimbilia kuning'iniza taa. Kama hamsafiri, tengenezeni pango la boksi la sabuni, Mtoto Yesu msimuweke mpaka usiku wa 24, Majilio yote hori likae tupu na kila anayefanya jambo jema anatia jani moja. Wangu wanapigana kwa ajili ya majani, nimeacha tu.

Mchango wa ukoo, zawadi za wazee, nauli, af Januari ada. Na sadaka ya Noeli juu. Nianze na ipi?

Ada. Sadaka toa uliyonayo, hata padre ana wadogo zake wanaosoma. Zawadi za wazee ni sukari na kitenge, ukishuka na gari la kukodi ni wewe umejitakia.

Ikifika tar 26 nashuka moyo, naona kama ilikua kelele tupu na sasa imeisha.

Haijaisha, ndo imeanza. Tar 26 Stefano shahidi, 27 Yohane, 28 Watoto Mashahidi waliouawa na Herode, mpaka tar 1 Januari siku ya Maria Mama wa Mungu, hizo siku nane ukihesabu toka tar 25 Kanisa linazisali kama sikukuu moja, na kipindi chenyewe kinaenda hadi sikukuu ya Ubatizo wa Bwana, Januari. Sisi tuliona tar 25 haiwezekani kusali pamoja, redio huku, walevi kule, watoto wamezimia na soda, tukahamishia tar 27 jioni, wageni wa mbali wameondoka na basi letu bado. Masufuria yameshaoshwa, tunakaa jikoni kwenye moto na kiporo, tunasoma Luka 2 yote. Mwaka jana alisoma mama mkwe, miwani hakuwa nayo, mistari mingine alikua anaitoa kichwani, af alipofika kwenye hori akamgeukia yule mjukuu wake akamwambia, "hawakufuta."