Difu Ikilia, Anza na Oili Kabla ya Kuishusha

Difu ya nyuma, yaani gia zilizo katikati ya eksele zinazopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu, inapoanza kuvuma, wenye magari wengi huendelea kuendesha wakitumaini kwamba mlio utaisha wenyewe, na wengine hukubali upesi difu nzima ishushwe. Nimeendesha gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma lililokuwa likilia hivyo na nikalishughulikia mwenyewe. Ushauri wangu ni kwamba kumwaga oili ya difu ndiyo hatua ya kwanza, kwa kuwa oili inayotoka hueleza hali ya ndani kuliko mtu yeyote anayesikiliza akiwa nje.

Hata hivyo, usikilize mlio kwa makini kabla ya kugusa spana. Mvumo unaosikika unapokanyaga mafuta na kubadilika unapoachia, mara nyingi hutoka kwenye meno ya krauni (gia kubwa ya difu) na pinioni (gia inayoizungusha), kwa sababu meno hayo hubadili upande wa kugusana kila mzigo unapobadilika. Mngurumo unaopanda pamoja na mwendo, ukabaki vilevile ukanyage au uachie, kwa kawaida ni wa beringi. Beringi ya gurudumu hubadili sauti unapokata kona, kwa kuwa uzito wa gari huhamia upande mmoja. Beringi ya pinioni hulia kwa sauti ya juu zaidi, kwani katika difu yenye uwiano wa 4.1 pinioni huzunguka mara 4.1 kila krauni inapozunguka mara moja. Kishindo kimoja unapoingiza gia mara nyingi hutoka kwenye krosi za propela (shafti ndefu inayoleta nguvu kwenye difu), na mlio unaosikika kwenye kona pekee huelekeza kwenye gia ndogo za ndani ya difu zinazoruhusu magurudumu mawili kuzunguka kwa kasi tofauti. Tairi nazo huvuma, lakini sauti yake hubadilika pindi unapotoka kwenye lami laini na kuingia kwenye lami ya kokoto.

Gari langu lilikuwa na mlio wa aina ya kwanza. Kabla ya kumwaga oili, niliendesha kwa muda wa kutosha ili ipate joto, kwani oili baridi ya difu ni nzito na huacha uchafu mwingi chini. Gari lisimame mahali tambarare, magurudumu yawekewe vizuizi, na kama ni lazima kuliinua, likae juu ya stendi imara na wala si juu ya jeki peke yake. Kisha fungua kwanza nati ya kujazia, ndipo ufungue ya kumwagia. Naisisitiza sana hatua hii, kwa sababu nati ya kujazia ambayo haijaguswa kwa miaka inaweza kugoma kabisa, na ukiwa umeshamwaga oili utabaki na gari lisiloweza kwenda popote.

Oili ikishatoka, itazame bila haraka. Nati ya kumwagia huwa mara nyingi na sumaku kwenye ncha yake, na utando laini wa kijivu uliojikusanya hapo ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyokwaruza ukivisugua kati ya vidole, au ncha ya jino iliyovunjika, ni habari nyingine, na hapo oili mpya haitasaidia kitu. Oili yenye rangi ya maziwa ina maji. Oili iliyotoka kwangu haikuwa na vipande, ila ilikuwa nyeusi na pungufu sana, jambo lililonifanya nitafute ilikopotelea.

Ilikuwa ikivuja kwenye sili ya pinioni (pete inayozuia oili isitoke), na tundu la kupumulia lililo juu ya eksele lilikuwa limezibwa na matope. Mambo haya mawili huenda pamoja: difu ikipata joto, hewa iliyo ndani hupanuka, na ikikosa pa kutokea husukuma oili ipite kwenye sili. Ukibadilisha sili bila kuzibua tundu hilo, uvujaji utarudi. Kagua pia sili za hafu shafti, zile zinazotoka kwenye difu kwenda kwenye magurudumu, kwani oili ikipitia huko hufika kwenye breki.

Kuhusu oili yenyewe, fuata kitabu cha gari. Difu nyingi za nyuma zina gia za haipoidi, ambazo pinioni yake imeshushwa chini ya kitovu cha krauni, na kwa hiyo meno huteleza kwa nguvu yakiwa yamebanana. Ndiyo maana huhitaji oili ya daraja la GL-5, mara nyingi ya uzito wa 75W-90 au 80W-90, yenye viungo vya kuzuia chuma kugusana na chuma chini ya shinikizo kubwa. Difu ya kuzuia utelezi wa gurudumu moja mara nyingi huhitaji pia kiungo chake maalumu. Sikubaliani na wanaoshauri kutia oili nzito kupita iliyoagizwa ili mlio upungue, kwa sababu hufunika sauti na kuuacha ubovu ukiendelea. Jaza hadi oili ianze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia, acha itulie, kisha funga kwa washa mpya.

Baada ya hapo mvumo wa gari langu ulipungua sana, lakini haukuisha wote, na sikutarajia uishe: meno yaliyokwisha kulika kwa kukosa oili hayajirudishii umbo. Jihadhari na anayetaka kukaza nati ya pinioni ili kuondoa mlio uliobaki. Katika difu nyingi nati hiyo hubana bushi laini inayopanga mkazo wa beringi, na ikikazwa ovyo, beringi hupata joto na kufa mapema.

Baada ya kilomita mia kadhaa, pima tena kiwango cha oili na uitazame. Ikiwa imepungua, kuna sili nyingine inayovuja. Ikiwa inang'aa kwa chembe za chuma, wakati wa kuishusha difu umefika, na beringi zibadilishwe kabla pinioni haijaanza kucheza na kuharibu meno ya krauni.