Mkufu wa nyanya wenye chapa ya Trifari

Dada, nimekuelewa: nyanya amekuachia mkufu na hereni za Trifari (kampuni ya Marekani ya vito vya urembo), sonara hapo Kisumu amesema si dhahabu, na sasa unataka kuviloweka kwa sabuni uvipeleke soko la Kibuye ukauze. Tafadhali usiviloweke! Vijiwe vya kioo vya zamani mara nyingi huwa na utando unaong'aa mgongoni; maji yakipenya vinakuwa vyeusi, na mng'ao haurudi. Futa kwa kitambaa laini kikavu, basi.

Sonara kasema kweli, ila thamani yake haiko kwenye madini. Tangu mbunifu wa mitindo Coco Chanel alipovipa heshima vito vya aina hii, visivyo vya madini ghali, huko Paris miaka ya 1920, watu hununua ubunifu. Angalia karibu na kifungo cha mkufu: Trifari ilishinda kesi ya hakimiliki mwaka 1955, kwa hiyo alama ya hakimiliki, ©, kando ya jina kwa kawaida ni ya kuanzia hapo. Piga picha chapa hiyo, linganisha bei mtandaoni kabla ya kukubali ya sokoni.

Shingo ikiwasha, vua. Huenda ni madini ya nikeli. Upele ukiendelea, muone daktari wa ngozi. Na watoto wasivitie mdomoni, vingine vina madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Mimi ningebaki na hereni.