Jibu: Programu ya piano ya likizo, masaa matatu kwa siku si mengi?

Dada, kwa mtoto wa miaka 8 masaa matatu mfululizo ni mengi mno. Waulize waandaaji kama wanayagawa. Vipindi vya dakika 20 hadi 25 vyenye mapumziko ndivyo vinavyofaa.

Umesema pia mikono yake huchoka anapopiga; kwa hilo, anza na kiti. Viwiko viwe usawa wa vibonyezo, na miguu iwekewe kistuli. Ikining'inia, mabega hupanda na vifundo vya mikono hukakamaa.

Nyumbani apige mistari miwili tu ya wimbo: mkono wa kulia, kisha wa kushoto, halafu mikono yote miwili pamoja, metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) ikiwa mapigo 60 kwa dakika. Akipiga mara tatu bila kukosea, pandisha hadi 64. Akikosea, tafadhali msimrudishe mwanzo wa wimbo! Arudie kipande kilichomshinda.