Unauliza kama nyumbani kuna utulivu: barua kwa mwanangu

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma, na baba yako nimemsomea. Unauliza kama uache chumba huko Dar uje umalizie tasnifu hapa Nyegezi, maana kichwa kimejaa, simu haikuachi na sura ya nne haisogei. Suala la chumba nitalifikia baadaye. Tuanze na simu.

Kinachokula muda wako hakina habari kama uko Dar au Mwanza, kinasafiri nawe mkobani. Kila mwanafunzi anayeingia hapa steshenari kwetu akilalamika kwamba siku ni fupi anaambiwa lile lile unalolijua: fungua faili kabla ya kufungua simu. Wala usidhani kuiweka kimya kunatosha. Izime, iache chumba kingine, uandike dakika 50, upumzike 10, uandike 50 nyingine. Vipindi viwili hivyo kabla ya saa tatu asubuhi vinatosha kwa kazi ya kufikiri. Anayejifungia saa nane mfululizo mara nyingi huambulia mbili za kazi, zilizobaki ni za kujilaumu.

Ukisahau mwaka wa makala fulani, usitoke kwenda kuusaka mtandaoni, kwa sababu safari hiyo huishia kwenye video za mapishi. Andika TAFUTA kwa herufi kubwa palepale na uendelee. Jioni lisake neno hilo kwenye faili zima, ujaze mapengo yote kwa mkupuo. Na usisubiri wazo liishe ndipo ufunge. Acha katikati, kisha chini yake weka mstari mmoja wa kesho: "naanza na jedwali la nne, kwa nini wahojiwa wanawake ni wachache." Hapo asubuhi hukai ukikodolea macho ukurasa mtupu.

Zipo siku kichwa kitagoma kabisa. Wavuvi wa dagaa mbalamwezi ikiwaka wanajua dagaa hawatafuata taa, basi wanabaki nchi kavu wakishona nyavu. Na wewe jiwekee kazi za mbalamwezi. Hakikisha kila jina lililotajwa ndani limo kwenye marejeleo, na kila lililomo kwenye marejeleo limetajwa ndani. Vichwa vya sura vipe mtindo wa vichwa kwenye Word ili yaliyomo yajitengeneze yenyewe; wanaoyaandika kwa mkono na kusukuma nukta wakiongeza aya moja tu, namba zote zinageuka uongo. Ukingo wa kushoto soma mwongozo wa chuo chako. Vyuo vingi vinataka karibu sentimita 4, kwa kuwa jalada gumu linakula upande huo, na ukiacha 2.5 herufi za mwanzo zinazama kwenye mshono. Kurasa za mwanzo namba za Kirumi, sura ya kwanza ndiyo inaanza na 1. Ukienda kuchapa, nenda na PDF. Faili la Word likifunguliwa kwenye mashine isiyo na fonti yako, mistari inasogea, jedwali linakatika, na yaliyomo yanasema ukurasa wa 61 kumbe ni wa 63. Flashi nayo ikitoka kwenye kompyuta za steshenari ichukulie kuwa ina virusi, hata ikitoka kwetu. Nakala moja iwe kwenye laptopu, moja kwenye flashi isiyozurura, moja kwenye barua pepe yako, na jina la faili liwe tarehe. Wenye faili linaloitwa "mwisho", na jingine "mwisho kabisa", ndio wanaochapa lile lisilo lenyewe.

Haya, nyumbani. Shangazi yako alikuja kumalizia hapa, wewe ukiwa mdogo, na hadi leo nikikumbuka roho inaniuma. Alichukua likizo bila malipo, akaja na kompyuta na boksi la hojaji, tukampa chumba cha uani. Wiki ya kwanza aliandika vizuri. Kisha ukoo ukapata habari. Mgeni wa Geita anataka kupokelewa stendi, Magu kuna msiba, mtoto wa jirani ana mtihani wa hesabu. "Si upo tu?" Hapa kwetu mtu akikaa mbele ya kompyuta anaonekana amepumzika. Likizo ikaisha, sura ikabaki pale pale, na Krismasi babu yako akamuuliza mbele ya watu wote hiyo shule yake haiishi. Alicheka na wengine. Sahani yake aliiacha imejaa. Alikuja kumalizia Igoma, kwenye chumba cha kupanga ambako hakuna aliyemjua, na picha ya joho unaiona pale sebuleni.

Na wakati ule wageni wa ng'ambo ya ziwa walitegemea kivuko. Mtu wa Sengerema aliifikiria kwanza foleni ya Kigongo. Tangu daraja lifunguliwe Juni 2025, anakuja kunywa chai na jioni yuko kwake.

Lakini pia huko unakula chipsi usiku wa manane na kulala saa tisa, halafu unashangaa unasoma aya moja mara tatu bila kuielewa. Hapa ungekula na ungelala. Hilo si dogo. Ila ugali wetu unakuja na wageni wake, na faili halijifungui kwa sababu umeshiba.

Jambo moja umelipita haraka. Umeandika kwamba msimamizi "bado hajajibu", hukusema ulimtumia lini. Mwanafunzi akichelewa anaona aibu, akiona aibu anamkwepa msimamizi, na kadiri anavyomkwepa anaona lazima arudi na kitu kikubwa cha kufuta aibu. Kitu kikubwa hakiandikiki. Mtumie kurasa 10 za sura ya nne kama zilivyo, pamoja na jedwali la safu tatu: maoni yake, ulichorekebisha, ukurasa. Mwisho muulize unaweza kufuatilia tarehe gani. Jedwali hilo linamwokolea kusoma upya kila kitu, na msimamizi mwenye wanafunzi wengi humjibu kwanza aliyemrahisishia. Lifanye kesho, kabla hujafungua simu.

Na ikiwa usingizi umekataa wiki mbili, chakula hakipiti, au unawaza kwamba bora usingekuwepo, hilo si la ratiba wala kahawa. Nenda hospitali au kwa mshauri wa wanafunzi siku hiyo hiyo, na mimi nipigie saa yoyote.

Najua unataka niseme njoo au usije. Mdomo unaniwasha, maana kitanda chako kipo na baba yako tayari amenunua taa ya mezani bila kuulizwa. Sisemi. Ukija, ratiba ibandikwe mlangoni: saa kumi na mbili hadi saa tatu wewe hupo, hata kwa msiba, na wageni watajibiwa na baba yako. Amekubali. Ameuliza tu kama shangazi yako naye anahesabiwa mgeni.

Mama yako