Jibu: Ganzi si kupooza
Ndugu yangu, umeuliza kama mtu anayesema mguu wake umekufa ganzi anamaanisha kwamba umepooza. La hasha. Ganzi ni hali ya kiungo kukosa hisia, aghalabu kwa muda, kama inavyotokea ukikalia mguu kwa muda mrefu, ilhali kupooza ni kushindwa kukitumia kiungo chenyewe. Ndiyo maana daktari wa meno huchoma sindano ya ganzi kabla ya kung'oa jino, na mgonjwa hubaki macho, tofauti na aliyepewa nusukaputi, ambaye hulala fofofo. Ajabu ni kwamba embe bichi nalo hutia meno ganzi, ingawa hapo, kwa maoni yangu, hisia huzidi badala ya kupungua.